Norwe: Theluji iliyohamishwa na upepo ndiyo ya kuchungwa milimani

Anga limetakata, jua la Machi linang'aa juu ya milima ya Lyngen, na tangu juzi hakujaanguka theluji hata chembe. Siku ya namna hii ndiyo inayowavuta watu milimani, na ndiyo inayowahadaa. Theluji ya hatari kaskazini mwa Norwe mara nyingi haikuanguka pale ilipo: upepo umeichota upande mmoja wa mlima na kuilundika upande wa pili.

Jambo hili linawahusu pia wakazi wa nchi jirani. Barabara ya E8 kutoka Kilpisjärvi hushuka moja kwa moja hadi Skibotn, na kila msimu wageni wengi huingia Norwe kwa njia hiyo wakiwa na skii juu ya magari. Tarehe 2 Januari 2019, katika bonde la Tamokdalen, poromoko la theluji liliwaua Wafini watatu na Mswidi mmoja. Waokoaji walilazimika kungoja kwa siku nyingi kabla ya kuwafikia, kwa kuwa mteremko wenyewe ulikuwa bado hatari.

Theluji nyepesi na kavu huanza kusogea upepo unapofikia takriban mita 5 kwa sekunde. Upepo ukizidi, chembe husukumwa, hugongana, huvunjika na kuwa ndogo, kisha hushindiliwa pamoja pale upepo unapopungua nguvu, yaani nyuma ya mgongo wa mlima. Mabaharia wetu wa pwani wana maneno yanayofaa kabisa hapa: upande wa joshini, unaopigwa na upepo, hubaki mwamba mtupu au theluji ngumu yenye vijituta, upande wa demani, uliokingwa, hupokea mzigo wote. Kwa saa chache tu upepo unaweza kurundika huko theluji maradufu ya ile iliyotoka mbinguni.

Rundo hilo huwa kama bamba. Likikalia tabaka laini zaidi, uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja tabaka hilo la chini. Ufa hukimbia kufumba na kufumbua, na bamba zima huteleza. Theluji ya unga huanzia penye miguu ya mtelezaji na kushuka mbele yake. Bamba hukatika juu yake, naye hujikuta katikati. Katika ajali nyingi za vifo, aliyelifyatua poromoko ni mwathirika mwenyewe au mwenzake wa safari.

Dalili zipo kwa mwenye kutazama. Kingo za theluji zinazoning'inia kwenye vilele huelekea upande uliokingwa, hivyo humwonyesha mtu mzigo umewekwa wapi. Theluji inayotoa mlio kama wa ngoma chini ya skii, au inayopasuka na kutoa nyufa ndefu kutoka ulipokanyaga, inakuambia waziwazi urudi. Lakini upepo hauvuki vilele tu. Hupita pia ubavuni mwa mlima na kujaza makorongo na mabonde madogo, hata chini kabisa ya kilele, mahali ambapo wengi hudhani wamekwisha kuiacha hatari nyuma.

Nyayo za waliotangulia hazithibitishi usalama. Bamba gumu linaweza kuwabeba watu watano, kisha wa sita akakanyaga pembezoni, pale lilipo jembamba, likakatika lote. Kwa maoni yangu, hakuna kosa linaloeleweka kwa urahisi kama hili, wala linalogharimu zaidi.

Mabamba huhitaji mteremko wa nyuzi 30 au zaidi ili yateleze. Kwa hiyo anayebaki kwenye miteremko ya chini ya kipimo hicho amejiepusha na sehemu kubwa ya hatari, mradi hakuna mteremko mkali juu yake. Kuna nyakati tabaka dhaifu huvunjika kutokea mbali, na poromoko likamshukia mtu aliye tambarare. Huko Longyearbyen, Svalbard, tarehe 19 Desemba 2015, theluji iliyorundikwa na dhoruba juu ya mlima Sukkertoppen ilishuka hadi mjini, ikazikumba nyumba 11 na kuua watu wawili.

Huduma ya Varsom, iliyo chini ya mamlaka ya maji na nishati ya Norwe, hutangaza hatari kwa madaraja matano yanayotumika kote Ulaya. Daraja la 3 limetutaabisha sisi watafsiri. Kwa kuwa liko katikati, msomaji hulichukulia kuwa la wastani, ilhali la wastani ni la 2. Hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa. Kutoka daraja moja hadi jingine huongezeka mara kadhaa. Vifo vingi hutokea katika daraja la 3, kwa sababu watu bado hutoka.

Mabamba ya upepo kwa kawaida hutulia baada ya siku chache. Baridi kali huchelewesha hali hiyo, na yakilalia tabaka dhaifu la kudumu, hatari huweza kubaki kwa majuma.

Kila mtu katika kundi avae kifaa cha redio kinachotuma na kupokea ishara, abebe ufito mrefu wa kuchomea theluji, na beleshi. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10, uwezekano wa kuwa hai ni mkubwa. Baadaye huporomoka upesi. Nambari ya dharura ni 112, lakini helikopta ni nadra kufika ndani ya dakika hizo. Wenzake ndio waokoaji.

Taarifa ya Varsom hutolewa kila siku wakati wa msimu, kwa Kinorwe na Kiingereza. Tatizo likiwa ni theluji ya upepo, angalia mchoro wa duara wenye pande nane za dira: pande zilizotiwa rangi ndizo zilizobeba mzigo, na kando yake huandikwa ni kuanzia mwinuko wa mita ngapi.