Mzigo wa Damu: Kutoka Korea Hadi Nakivale

Tarehe 27 Julai 1953 mizinga ilinyamaza Korea baada ya miaka mitatu ya vita. Nchi ilibaki imekatwa vipande viwili, na ule mstari wa katikati ukawatenga mama na mwana, mume na mke, kaka na dada. Miaka mitano baadaye, mwaka 1958, utawala wa kikoloni wa Uganda ulianzisha makazi ya Nakivale katika nchi ya Ankole. Kuanzia 1959 Watutsi walikuwa wakivuka mpaka kukimbia mauaji Rwanda, na 1960 Nakivale ikatambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi. Historia hizi mbili zilianza zikiwa mbali mno, lakini leo zinakutana kwenye televisheni na simu za Afrika Mashariki, pale tamthilia ya kimapenzi ya Korea inapomwonyesha kijana anayependa lakini hajiruhusu kupenda, kwa sababu amebeba familia nzima mabegani. Hadithi hiyo hatuioni ngeni. Nasi pia ni watoto wa familia zilizotawanywa, na nasi pia tuna watu waliobebeshwa wajibu kabla hata hawajajua kubeba.

Wajibu wa familia ulikuwapo Korea karne nyingi kabla ya vita. Chini ya ufalme wa Joseon, uliodumu kutoka 1392 hadi 1910, mafundisho ya Confucius yalifanya utii kwa wazazi kuwa msingi wa dola. Mtoto wa kiume wa kwanza ndiye aliyebeba jina la ukoo na ibada za mababu. Hata baada ya ufalme kuanguka, daftari la serikali liliendelea kumtambua mwanamume kuwa kichwa cha familia, mpaka Mahakama ya Katiba ya Korea Kusini ilipoipinga sheria hiyo mwaka 2005 na nafasi yake kuchukuliwa na utaratibu mpya mwanzoni mwa 2008. Vita viliukuta wajibu huo na kuutia jeraha. Mtoto aliyefundishwa kwamba heshima yake ni kuwatunza wazazi wake alijikuta hajui kama wazazi hao wako hai.

Tarehe 30 Juni 1983 shirika la utangazaji la Korea Kusini, KBS, lilirusha kipindi cha kuwatafuta ndugu waliopotezana. Kilipangiwa muda usiofika saa mbili, kikaendelea kwa siku 138 na kutangazwa kwa jumla ya saa 453. Watu zaidi ya 100,000 waliomba kusaidiwa, na uwanja wa Yeouido mbele ya kituo ukajaa mabango ya majina. Familia zaidi ya 10,000 zilikutana tena. Mwaka 2015 UNESCO iliziingiza kumbukumbu za kipindi hicho katika orodha ya urithi wa dunia wa nyaraka. Taifa zima lilijifunza kulia mbele ya kamera, na ninaamini kilio hicho hakijatoka katika tamthilia zao hadi leo.

Miezi michache kabla ya kipindi hicho kuanza, Ankole ilikuwa imeshuhudia mtengano wake. Oktoba 1982, viongozi na vijana wa chama tawala cha UPC katika wilaya ya Mbarara waliwafukuza watu wenye asili ya Rwanda, wakiwamo waliokuwa wamekaa pale kwa vizazi. Ng'ombe waliporwa, nyumba zilichomwa. Makumi ya maelfu walisukumwa kuelekea Rwanda, ambayo baadaye ilifunga mpaka, na wengine katika makazi ya Nakivale na Oruchinga. Huku hakikuwepo kipindi cha televisheni cha kuwatafuta waliopotea. Kila familia ilibaki na orodha yake kichwani.

Baada ya hapo mawimbi hayakukoma. Mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, vita vya Kongo vya 1996 na 1998, machafuko ya Burundi ya 2015 na kurudi kwa waasi wa M23 huko Kongo vyote vilileta watu Nakivale, pamoja na Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Kiswahili kikawa lugha ya soko na ya ujirani. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 iliwapa haki ya kufanya kazi na kutembea, na familia nyingi zikapewa kipande cha ardhi cha kulima. Msalaba Mwekundu ukaifanya kazi ya kutafuta ndugu, ujumbe mmoja baada ya mwingine. Lakini ndani ya nyumba, kazi nzito zaidi ilimwangukia mtoto wa kwanza. Binti wa miaka kumi na mitano akawa mama wa wadogo zake, na kijana akaacha shule ili alime au abebe mizigo Mbarara. Aliyepata bahati ya kuhamishiwa Marekani au Kanada akawa tumaini la watu wote waliobaki, na baada ya Mpango wa Chakula Duniani (WFP) kupunguza mgao wa chakula mwaka 2023, simu za kumwomba msaada ziliongezeka uzito. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetazama kwa mbali huuona mwepesi.

Mzigo huo huo umo katika tamthilia za Korea, zilizoanza kuenea duniani baada ya msukosuko wa uchumi wa 1997, serikali ilipotafuta bidhaa mpya za kuuza nje. *Winter Sonata* ya 2002 iliiteka Japani. Huku kwetu njia ilikuwa imekwisha kutengenezwa na watafsiri wa vibanda vya video: Lufufu kwa Kiswahili nchini Tanzania, VJ Jingo na VJ Junior kwa Kiganda nchini Uganda. Sauti zao zilimfanya mtu wa nchi ya mbali aseme kama jirani.

Katika tamthilia hizo, ninayoiona ikigusa jeraha letu kwa undani zaidi ni *It's Okay to Not Be Okay* ya 2020. Moon Gang-tae anamlea kaka yake mkubwa, Sang-tae, mwenye usonji. Mama yao aliuawa, na Sang-tae aliyeshuhudia huota ndoto za vipepeo, hivyo kila majira ya kuchipua ndugu hao huhama mji. Utotoni mama alimwambia Gang-tae kwamba alimzaa ili amtunze kaka yake. Neno hilo linakuwa maisha yake. Anatabasamu kazini, hakasiriki, hapendi, na hakuna anayemuuliza anataka nini, mpaka mwandishi Ko Moon-young anapoukataa utulivu ule wa uongo. Uzuri wa tamthilia hii ni kwamba haimwambii Gang-tae amtupe kaka yake. Inampa Sang-tae kazi ya kuchora na uwezo wa kuchagua njia yake, na hapo mdogo anaachiliwa. Mwenye kutunzwa naye ametambuliwa kuwa mtu kamili.

Nakivale ina ushahidi wake kwamba jeraha likisemwa hupata nafuu. Mwaka 2008 mtafiti Frank Neuner na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika pale na wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia waliokuwa wakiteswa na kumbukumbu za vita. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, ila washauri wa kawaida waliofunzwa. Kundi moja lilisaidiwa kusimulia maisha yake kwa mpangilio, tangu kuzaliwa. Mwishoni, asilimia 70 ya kundi hilo hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa, dhidi ya asilimia 37 ya wale ambao hawakupata tiba.

Kwa hiyo njia inajulikana. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kimefundisha udaktari tangu 1989, na washauri wanaweza kufunzwa kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Wazee, wachungaji na masheikh, ambao kila siku huwakumbusha vijana wajibu wao, wana nafasi ya kuwauliza pia wanaendeleaje. Ndugu walio ng'ambo waambiwe asante kabla ya kuombwa tena. Wajibu wa damu ndio uliotuvusha kutoka vitani, nami siombi uondolewe. Naomba ugawanywe. Familia inayomwachia mtoto mmoja mzigo wote inaokoa wengi kwa kumpoteza mmoja, na huyo mmoja naye ni mtoto wake.