Kibao cha Mto Ebenezer

Kila asomaye Biblia amepata kusikia jinsi Samweli alivyotwaa jiwe, akalisimamisha kati ya Mispa na Sheni, akaliita Ebenezeri, maana yake jiwe la msaada. Katika nchi ya Marekani, jimbo la Georgia, uko mto wenye jina hilo hilo. Waliolileta huko mwaka 1734 ni Waprotestanti wa Salzburg, waliofukuzwa kwao Ulaya kwa ajili ya imani yao. Karibu na mto huo, kando ya njia, kimesimama kibao cha kumbukumbu kilichowekwa mwaka 2010. Lakini habari iliyoandikwa juu yake ni ya watu walionyimwa msaada.

Tangu mwaka 1861 hata 1865 Wamarekani walipigana wao kwa wao. Majimbo ya Kusini yalijitenga ili kuulinda utumwa, na serikali ya Rais Abraham Lincoln ikapigana ili nchi iwe moja tena. Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi ni watu huru. Katikati ya Novemba 1864 jemadari wa Kaskazini, William T. Sherman, alitoka Atlanta na askari wapatao 60,000, akashika njia ya kwenda Savannah pwani, mwendo wa maili karibu 300. Njiani askari walitwaa vyakula vya mashamba na kung'oa reli. Watumwa walipowaona wakipita, wakayaacha makonde ya mabwana zao, waume kwa wake, wazee na watoto, wakawafuata nyuma. Sherman hakupenda kundi hilo limfuate, isipokuwa vijana wenye nguvu za kazi, kwa kuwa alihofia chakula na mwendo.

Tarehe 9 Desemba 1864 kikosi kimoja kilifika mto Ebenezer. Mkuu wake aliitwa Jefferson C. Davis, si yule Jefferson Davis aliyekuwa rais wa Kusini, ni majina tu kufanana. Maji yalikuwa mengi, tena ya baridi. Askari wakatandika daraja la mashua na mbao, wakaanza kuvuka. Wale waliowafuata wakaambiwa wakae kando, wangoje. Basi askari wa mwisho alipokwisha kuvuka, daraja likaondolewa kwa amri ya Davis. Nyuma yao walikuja wapanda farasi wa Kusini, wakiongozwa na Joseph Wheeler. Watu wakajitupa majini. Askari wengine wa Kaskazini, kwa huruma, waliwatupia magogo na mbao, lakini wengi walizama. Waliobaki ng'ambo walikamatwa, wakarudishwa utumwani.

Meja James Connolly, afisa wa jeshi lile lile, aliandika barua kulalamikia jambo hilo, na kelele zikawa kubwa huko Kaskazini. Davis hakuadhibiwa, Sherman alimtetea. Hata hivyo waziri wa vita, Edwin Stanton, alikwenda Savannah mwenyewe, na tarehe 12 Januari 1865 yeye na Sherman wakaonana na viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi. Msemaji wao alikuwa mchungaji Garrison Frazier, mzee wa miaka 67, aliyekuwa amenunua uhuru wake na wa mkewe kwa dola 1,000. Alipoulizwa watu wake wanahitaji nini, alijibu kwamba wapewe ardhi wailime kwa mikono yao wenyewe. Siku nne baadaye Sherman akatoa amri wagawiwe mashamba ya pwani, kila jamaa isizidi eka 40. Watu wapatao 40,000 walikaa huko. Lakini kabla mwaka ule haujaisha, Rais Andrew Johnson aliitangua amri ile, na mashamba mengi yakarudishwa kwa mabwana wa kwanza.

Vibao vingi vya safari ile vilivyowekwa Georgia katika miaka ya 1950 hutaja majemadari, vikosi na njia walizopita. Mtu akivisoma hivyo peke yake, ataijua safari, asiwajue waliotembea nyuma yake. Majina ya waliozama hayakuandikwa popote, wala hesabu yao haijulikani. Tena wenye kuwaacha hawakuwa adui zao, bali ni wale waliowatumaini. Jambo hili nalo ni historia, nasi tusimulie habari za vita kwa watoto wetu pamoja na habari za wale walioambiwa wangoje kando.