Sakiti za Kuchapwa na Udhibiti wa Mwanga wa Flashi

Sakiti ya kuchapwa ni bamba lisilopitisha umeme, ambalo juu yake njia za shaba zimetiwa kwa ufundi wa uchapaji na kemia badala ya kuungwa kwa nyaya. Na udhibiti wa mwanga wa flashi ni hikima iiwezeshayo taa ya kamera kupima yenyewe nuru iitoshayo picha, kisha ikazimika papo hapo. Fani hizi mbili, ambazo aghalabu huelezwa mbalimbali, zina nasaba moja, kwani ya kwanza ilitokana na maarifa ya upigaji picha, na ya pili isingalienea mikononi mwa watu lau si ile ya kwanza.

Asili ya sakiti za kuchapwa

Hadi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, redio iliundwa na mafundi, wengi wao wanawake, walioketi viwandani wakilehemu waya mmoja baada ya mwingine kwa mkono, kazi ya subira nyingi ambayo kosa lake moja, likijificha katika msongamano wa nyaya, liliweza kukinyamazisha chombo kizima. Albert Hanson wa Ujerumani mwaka 1903, na Charles Ducas wa Marekani mwaka 1925, walikwisha kueleza katika hataza zao jinsi ya kulaza njia za umeme juu ya bamba. Illa aliyeitia fikra hiyo katika vitendo ni Paul Eisler, mhandisi Myahudi aliyezaliwa Vienna mwaka 1907, akazijua huko kazi za uchapaji, kisha akahamia Uingereza mwaka 1936. Alipowaendea wenye viwanda na redio aliyoiunda kwa njia hiyo, hawakuiona faida yake, maadamu ujira wa wanawake waliolehemu ulikuwa mdogo. Hakukata tamaa, na mwaka 1943 aliomba hataza. Nao Wamarekani, katika vita hivyo hivyo, wakachapa sakiti kwa wino wa fedha juu ya vigae vya kauri, wakazitia ndani ya fyuzi za makombora yaliyolipuka yakaribiapo shabaha. Mwaka 1948 serikali ya Marekani iliyaachia maarifa hayo yatumike katika biashara.

Namna ya kutengeneza

Bamba la kawaida ni la nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ya epoksi, unene wake milimita 1.6, na juu yake hubandikwa utando wa shaba wenye unene wa mikroni 35 hivi. Shaba hiyo hupakwa dawa iathirikayo na mwanga, ikafunikwa kwa filamu yenye mchoro wa sakiti, kisha ikamulikwa kwa miali ya urujuanimno. Katika njia itumikayo sana, dawa iliyopata mwanga huwa ngumu, na ile iliyobaki kivulini huoshwa ikaondoka. Hapo bamba hutumbukizwa katika kemikali, mathalani kloridi ya chuma, ambayo huila shaba yote isiyo na kinga. Ustadi wote umo katika kadiri: bamba likitolewa mapema, husalia mabaki ya shaba yaunganishayo njia zisizopasa kukutana, likicheleweshwa, kemikali hupenya ubavuni, chini ya ile kinga, ikaidhoofisha njia yenyewe. Mwaka 1949 Moe Abramson na Stanislaus Danko, wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, walikamilisha kazi kwa kupitisha miguu ya vipuri katika matundu ya bamba na kuviunga vyote kwa mara moja katika lehemu iliyoyeyushwa.

Flashi na upimaji wake

Unga wa magnesi, ulioletwa Ujerumani mwaka 1887 na Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, ulitoa nuru kali pamoja na moshi na hatari ya moto. Mwaka 1931 Harold Edgerton, katika chuo cha MIT cha Marekani, alifanikiwa kupiga picha za mwendo wa kasi kwa taa ya gesi iwakayo kwa umeme uliolimbikizwa katika kapasita, na katika taa hizo ndimo ilimotoka flashi ya elektroniki. Ilibaki taabu ya kukadiria. Masafa yakizidi maradufu, nuru imfikiayo mtu hupungua ikawa robo, kwa hiyo mpiga picha alilazimika kugawa nambari ya mwongozo ya flashi yake kwa masafa: akiwa na flashi ya 32, na bibi harusi yuko mita 4, hufungua tundu la lenzi kwa kipimo cha 8, bibi harusi akisogea kabla hajamaliza hesabu, picha imeharibika.

Katika miaka ya 1960 ndipo flashi zilipotiwa jicho la elektroniki lipokealo nuru irudiyo kutoka kwa mpigwa picha, na nuru ikishatosha, umeme uliosalia hugeuziwa taa nyingine iliyofichwa ukaishia humo bure. Israfu hiyo iliondolewa na thairista, swichi isiyo na kiungo kinachotembea, ambayo huukata mkondo na kuuhifadhi umeme uliosalia kwa picha ifuatayo, hata betri ikadumu zaidi na flashi ikawa tayari upesi. Kamera ya Olympus OM-2, iliyotoka mwaka 1975, ilisogea mbele kwa kuipima nuru ya flashi ndani ya kamera, ikirudi kutoka juu ya filamu yenyewe. Mwaka uliofuata Canon AE-1 ilibeba kompyuta ndogo na sakiti zilizochapwa juu ya plastiki inyumbukayo, zikikunjwa kufuata umbo la kamera, mahali ambapo nyaya zisingalipata nafasi.

Hivyo upigaji picha uliipa elektroniki njia ya kuchora kwa mwanga, nayo elektroniki ikamlipa mpiga picha kwa kumwondolea hesabu iliyokuwa ikimshughulisha, hata akapata kuuelekeza moyo wake wote kwa mtu aliye mbele yake. Faida hii haikumfikia bingwa peke yake, bali hata anayeishika kamera kwa mara ya kwanza, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuzihesabu hikima hizi miongoni mwa zile zinazostahili shukrani ya wengi.