Pengo Katika Sentensi: Kiingereza na Mafumbo Yake Katika Mji wa Likasi

Kiangazi kinapoingia Katanga, na vumbi la barabara ya Panda linapoanza kutua juu ya majani ya miembe, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule za sekondari za Likasi huonekana jioni wameketi vibarazani wawili wawili na watatu watatu, daftari moja mapajani, mmoja akisoma sentensi ya Kiingereza iliyoachwa pengo na wenziwe wakishindana kulijaza. Mpita njia asiyejua shughuli yao angedhani wanategeana vitendawili, na dhana yake isingekuwa mbali na kweli, kwa maana msomaji hutamka maneno kwa sauti ya mtegaji, hunyamaza kidogo penye pengo, huyataja majibu ya kuchaguliwa moja baada ya jingine, kisha huwatazama wenziwe usoni kama atazamavyo mtu aliyekwisha kudai mji na anangoja apewe.

Desturi hii ina nasaba ndefu kuliko daftari zile, na ndiyo niliyokusudia kuieleza. Kiingereza hakikupata kuwa lugha ya dola katika mji huu, wala ya mahakama, wala ya misa, wala ya soko. Wabelgiji walileta Kifaransa, watu wakajenga Kiswahili chao wenyewe juu ya Kiluba, Kisanga na Kibemba, na Kiingereza kikabaki siku zote upande wa pili wa ua, kikisikika vipande vipande. Waliotaka kukijua walilazimika kuviokota vipande hivyo na kuviunganisha kwa kukisia, na naamini kwamba kukisia huko ndiko kulikokuwa shule ya kwanza ya Kiingereza katika Likasi, kabla ya mwalimu yeyote kushika chaki.

Walakini palikuwa na wakati ambapo ua wenyewe ulikuwa haujajengwa. Wengi wa walioitafuta shaba ya Katanga mapema kwa niaba ya mitaji ya Ulaya walitoka kusini, wakitumwa na kampuni ya Tanganyika Concessions ya Robert Williams, Mskochi, na kampuni hiyo ilikuwa mmojawapo wa wazazi wa Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Reli nayo ilitoka kusini: ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1913 ikafika Kambove kwa kupitia nchi ya Likasi. Juu ya reli hiyo walikuja makandarasi, mafundi na wanyapara wasemao Kiingereza, pamoja na wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini na makarani kutoka Nyasaland waliosoma katika shule za misheni za Waskochi. Ikaja pia lugha ya migodi ya Afrika Kusini, Fanakalo, na paundi ya Kiingereza ikapokelewa katika biashara ya miaka hiyo ya mwanzo. Koloni lilikuwa la Mbelgiji kwa hati, ilhali mtu aliyesimama kituoni angeweza kudhani yuko Bulawayo.

Jambo hilo liliwatia Wabelgiji hofu, na hofu yao haikuwa ya bure, kwani nchi ambayo wafanyakazi wake, fedha yake na amri zake za kazi hutoka kwa jirani yaweza siku moja kuchukuliwa na jirani. Miongoni mwa dawa walizotumia ni Kiswahili. Lugha iliyokuwa imekwisha kufika Katanga tangu zama za misafara na za mtawala Msiri wa Bunkeya ilipewa nafasi katika kambi za kampuni na katika shule za misheni, ikawa kizuizi baina ya mfanyakazi na Kiingereza. Msomaji wa pwani, aliyezoea kukiona Kiswahili kikishindana na Kiingereza kwa heshima tu, atastaajabu kusikia kwamba Katanga kiliwekwa kama boma dhidi yake.

Boma hilo lilikuwa na matundu. Mtumishi wa nyumbani aliitwa boyi, gari liliitwa motokari, na maneno hayo yalikaa katika vinywa vya watu na la kwanza hata Wabelgiji wakalitumia wao wenyewe. Katika maneno yote yaliyovuka, hakuna linalonishangaza kama Kitawala. Mafundisho ya Watch Tower yalipanda kutoka Rhodesia na Nyasaland pamoja na wafanyakazi na vijitabu vya Kiingereza, na watu walioisikia sehemu ya pili ya jina lile, yenye maana ya mnara, hawakusikia mnara. Walisikia kitenzi walichokijua tangu utotoni, kutawala, wakakitia kiambishi cha lugha na madhehebu, likapatikana jina ambalo serikali ya kikoloni ililiogopa kwa miongo kadhaa. Walikuwa wamefumbua fumbo la Kiingereza kwa ufunguo wa Kiswahili, na jibu lao, ingawa mwenye kamusi angelikata kwa wino mwekundu, lilibeba maana iliyowahusu zaidi kuliko ile ya asili.

Ni sadfa inayonipendeza kwamba mwaka ule ule wa 1913 ambao treni ilifika Kambove, katika mwezi wa Desemba, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la New York World, alichapisha fumbo la kwanza la maneno yanayokatana, babu wa mafumbo ya maneno yanayojaza magazeti ya dunia. Wazungu walikuwa wakigundua kwa furaha kubwa kwamba neno likifichwa akili huamka. Wazee wa Katanga walilijua jambo hilo kando ya moto, na wa pwani walikuwa na kaida yake kamili, mmoja akisema kitendawili na wote wakijibu tega. Ilichukua hadi mwaka 1953 kwa mtaalamu wa Kimarekani, Wilson Taylor, kuliwekea pengo kanuni ya kitaalamu, akifuta neno baada ya idadi maalumu ya maneno ili apime jinsi msomaji anavyoyaelewa yaliyobaki.

Misheni zilitia mkono wao pia. Wamethodisti wa Kimarekani, wakiongozwa na John Springer, walianza kazi katika eneo la Kambove na Likasi katika miaka ya 1910, na chuo chao kikaja kukaa Mulungwishi, kwenye njia iendayo Fungurume. Shule za Kiprotestanti zilinyimwa ruzuku ya serikali mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mafunzo yalitolewa kwa lugha za wenyeji na baadaye kwa Kifaransa. Walakini mmisionari aliporudi nyumbani kwake aliongea na mkewe kwa lugha ya mama yake, na kijana aliyefagia baraza alisikia. Sijui shule iliyo bora kuliko baraza ya watu wasiojua kwamba wanasikilizwa, wala iliyo ngumu kuliko hiyo, kwani haina mwanzo wala haina zoezi la marudio.

Tangu wakati wa vita hewa yenyewe iliingia kazini. Kituo cha Lusaka kilichoanza mwaka 1941 kilitangaza kwa Kiingereza na kwa Kibemba, na mawimbi hayajui forodha. BBC nayo ilikuwa na masomo ya Kiingereza kwa redio tangu 1943. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekusanya muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, jina la Likasi la zama hizo, kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, na vidole vya kijana yule vikasikilizwa na kuigwa na wapiga gitaa wa nchi zisemazo Kiingereza, hivi kwamba kwa mara moja wao ndio waliokaa wakilitafuta neno lililofichwa katika sauti ya Likasi. Kisha ukaja mwezi wa Septemba 1961, ambapo kikosi cha Waairishi wa Umoja wa Mataifa chini ya Pat Quinlan kilizingirwa siku kadhaa pembezoni mwa mji na majeshi ya Katanga iliyokuwa imejitenga, na Kiingereza kikasikika tena, safari hii kwa redio za jeshi na milio ya bunduki. Nalipita jambo hilo haraka, kwa sababu lugha isemwayo chini ya risasi haimfundishi mtu kitu.

Mji ulipobadilishwa jina kuwa Likasi mwaka 1966, na Union Minière ilipochukuliwa na taifa mwanzoni mwa 1967, serikali ilianzisha karibu wakati huo huo mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Hapo ndipo kukisia kulipata sheria. Mtihani ule, kwa wingi wa watahiniwa na ukubwa wa nchi, ulitegemea maswali mafupi yenye majibu ya kuchaguliwa, ambayo wanafunzi wa Kongo huyaita maitemu, na Kiingereza kikawekwa katika siku ya lugha. Kuanzia wakati huo mwanafunzi wa Likasi aliyekuwa hajapata kuzungumza na Mwingereza hata dakika moja alitakiwa aijue tofauti ya kutafuta, kutunza na kuchunguza, mambo matatu ambayo Kiingereza huyaeleza kwa kitenzi kimoja cha kutazama kikibadilishiwa kijineno cha nyuma.

Mitego ya maitemu ina elimu ndani yake kwa mwenye subira. Kitenzi cha kwenda ni "go", na wakati uliopita ni "went", na mwanafunzi hukariri jozi hiyo kama akaririvyo jina la mto. Laiti angeambiwa kwamba "went" ni mali ya kitenzi kingine cha zamani, "wend", kilichofifia kikaacha mrithi mmoja katika nyumba ya jirani, asingelisahau tena. Kwa upande wa nahau, msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kutishika. Mtu aliyekua akisikia kwamba fulani amevikwa kilemba cha ukoka, na kwamba kupiga maji si kuyachapa, ana akili iliyokwisha kufunzwa kwamba maneno husema jambo moja na kukusudia jingine. Anapoambiwa kwamba Mwingereza huuvuta mguu wa mtu akiwa anamtania, hucheka na kuendelea.

Hatari kubwa hutoka kwa Kifaransa. Neno lenye maana ya duka la vitabu huko kumbe ni maktaba huku. Neno la kuomba huko ni la kudai huku, na barua ya adabu huweza kugeuka jeuri kwa herufi chache. Mbaya kuliko yote ni nyakati za vitenzi, kwa sababu Kifaransa cha mazungumzo hutumia umbo lenye kitenzi kisaidizi hata kwa jambo la jana, na mwanafunzi hulihamisha katika Kiingereza, ambako haliruhusiwi. Na ufunguo anao nyumbani! Kiswahili sanifu hutenga "nimemwona" na "nilimwona jana", na Kiswahili cha Likasi nacho hutenga "nilisha kumuona" na "nilimuona". Ni huzuni yangu ya miaka mingi kwamba masomo haya yalifundishwa kwa kupitia Kifaransa peke yake, mtoto akipelekwa mbali kutafuta maji na hali kisima kiko nyuma ya jiko la mama yake.

Wapo walimu wanaoyalaumu maitemu kwamba humfundisha mtu kulitambua jibu asiweze kulitamka, na lawama hiyo ni ya haki. Nami nimewaona waliofaulu vyema wakanyamaza mbele ya dereva wa lori kutoka Zambia. Lakini katika miaka ambayo vitabu viliadimika, daftari iliyonakiliwa kwa mkono ikapokezanwa na ndugu hata ikachakaa, sioni ni chombo gani kingine kingalikihifadhi Kiingereza katika mji ule hadi siku kilipohitajiwa tena, wafanyabiashara walipoanza kumiminika mpakani Kasumbalesa na kampuni za kigeni ziliporudi kwenye madini ya Fungurume zikiwa na mikataba na kanuni za usalama kwa lugha hiyo.

Jioni moja, katika kibaraza kisicho mbali na reli, nilimsikia msichana akitega sentensi juu ya abiria waliochelewa: kabla hawajafika kituoni, treni ilikuwa nini? Wenziwe walibishana juu ya majibu, huyu akishika la kwanza na yule la tatu, mpaka mzee wao, mstaafu wa reli aliyekuwa akirekebisha kiti pembeni, akasema "had gone" bila kusomewa chaguo hata moja. Walipomuuliza alikosoma, alisema hakusoma popote. Mafundi waliokuja na treni kutoka Ndola walikuwa wakisema hivyo, kwa hasira, kila ilipowaacha.