Ndizi Isiyoliwa

Kwenye miteremko inayotazama Uvira, mashariki mwa Kongo, na bonde la mto Ruzizi kuna migomba ambayo mgeni akimenya tunda lake, huenda akalitema. Si bovu. Ni ndizi ya kasiksi, pombe ya ndizi, na ukakasi ule ndio sababu ya kupandwa kwake.

Kwa nje huwezi kuitofautisha na ndugu yake wa kupika. Ikate katikati: nyama ina vidoadoa vya kahawia, utomvu unaokausha ulimi. Normandy, huko Ufaransa, wana matofaa ya jinsi hiyo, makali hayatafuniki, na wanayakamua kwa ajili hiyohiyo: tanini ndiyo inayokipa kinywaji uzito.

Wavumbuzi Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858, wakiulizia Ruzizi unatoka Ziwa Tanganyika au unaingia. Unaingia, wakaambiwa, Livingstone na Stanley wakaja kuhakikisha mwaka 1871. Wazungu walihangaika na mto. Migomba, iliyokuwa na karne nyingi katika nchi za Maziwa Makuu, haikuhitaji kugunduliwa.

Kasiksi huanzia shimoni. Mikungu iliyokomaa hufukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa moto, siku kadhaa, mpaka ndizi zilainike. Humenywa, zikatiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi kavu, zikakandwa. Usidhani nyasi ni uchafu: bila hizo unapata uji mzito, pamoja nazo nyama hushikwa, na maji matamu, mutobe, hutiririka. Huo hata mtoto hunywa. Ukitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa siku mbili tatu, watoto wanafukuzwa.

Na mgomba huu haukuuzwa kwa mbegu. Ulienea kwa kupeana: mkwe kampa mkwe chipukizi, jirani kamwomba jirani. Maradhi nayo yalifuata njia hiyohiyo ya wema. Uchunguzi wa mwaka 1987 uliukuta katika bonde la Ruzizi ugonjwa wa virusi unaofanya majani kusimama wima, yamebanana juu kama shada, na mkungu usitoke. Vidukari huubeba shamba hadi shamba, lakini safari ndefu aliubeba binadamu begani, kama zawadi.

Kisha ukaja mnyauko wa bakteria. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa Masisi, Kivu Kaskazini. Mwaka 2010 ukathibitishwa Burundi, ng'ambo ya Ruzizi. Wadudu huchukua bakteria kwenye ua dume, na kisu kinachotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima kinamalizia kazi. Uganda, kayinja, ndizi ya pombe yenye asili ya Asia iliyopendwa kwa kustahimili ardhi iliyochoka, ndiyo iliyoangamia zaidi: maua yake yanapodondoka huacha vidonda vibichi. Kinga ni ya kijima, nami naipenda kwa hilo: fimbo yenye panda, uvunje ua dume mara tu vichana vikishatoka, bila kisu.

Wakulima wengine wameshang'oa na kupanda mihogo. Anayetaka kurudi kwenye ndizi ya babu yake hupewa chipukizi ambalo kwa macho halisemi lolote. Itabidi angoje mwaka na zaidi, mkungu wa kwanza ukomae, akate ndizi moja katikati, atafute vile vidoadoa.