Maneno ya chuoni yaliyovuka hadi chuo kikuu

Mzazi wa Timbwani, kule Likoni, akikwambia mwanawe yuko chuoni, usikimbilie kuuliza mahafali ni lini. Huenda mtoto ana miaka sita na yuko mkekani na juzuu yake. Kwa Waswahili wa Mombasa chuo ni pa kusomea Kurani kwanza, mengine baadaye. Ndiyo maana wengi wetu, hata wenye digrii, twasema fulani "yuko yunivasiti" ili tusichanganyane.

Neno lenyewe ni kongwe kuliko maana zote mbili. Zamani chuo kilikuwa kitabu. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, unajulikana pia kwa jina la Chuo cha Herkali, na hapo hakuna jengo wala darasa bali maandishi tu. Mtu aliyebobea katika vitabu akaitwa mwanachuoni. Kisha jina likahama kutoka kwa kitabu likaenda kwa mahali kinaposomewa. Karne ya 20 ilipoleta taasisi za serikali, watu hawakuumba neno jipya: walichukua lile lile wakapata chuo cha ualimu, na lilipozidi kimo, chuo kikuu.

Tazama sasa na maneno yanayoandamana nalo. Kuhitimu ni kukamilisha, na pwani aliyehitimu ni yule aliyemaliza msahafu. Ndugu yake ni hitima, kisomo tunachomsomea maiti. Shahada ni ushahidi, na kabla ya kuwa karatasi ya chuo kikuu ilikuwa, na ingali, tamko la imani ya Mwislamu. Mwalimu naye ana historia ndefu zaidi. Asili yake ni Kiarabu, na katika Bahari ya Hindi lilikuwa pia jina la mjuzi wa kuongoza chombo. Rubani aliyempeleka Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498 aliandikwa na Wareno kuwa "Malemo", ambalo ni neno hilo hilo lililopinda ulimini mwao. (Shule, kwa upande wake, ni ya Kijerumani. Wazee wetu wa Mombasa wangali wakisema skuli.)

Kwa hivyo sentensi ya leo, "mwalimu amehitimu chuo kikuu kwa shahada", karibu yote imetoka mkekani. Lakini mwenye mkeka amebaki nje.

Hilo halikutokea kwa siku moja. Chini ya wakoloni, mafunzo ya ualimu yalikuwa mikononi mwa misheni na serikali. Kwetu bara ya Mombasa kumbukumbu ya kale ni Freretown, Kisauni, kituo cha wamishonari cha mwaka 1875. Walimu walipangwa kwa herufi na tarakimu, na watu wa rika langu tunakumbuka bado mwalimu wa P3, wa P2, wa P1, na S1 aliyetembea kama diwani. Mwenye digrii alikuwa nadra, na kwa muda mrefu aliyetaka masomo hayo ya juu alielekea Makerere. Baada ya uhuru mambo yakaenda mbio. Mwaka 1965 kambi ya jeshi ya Kahawa iligeuzwa Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1967 ikaundwa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Baadaye Kenyatta ikawa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 1978 kitivo cha elimu kikahamishiwa huko, na mwaka 1985 ikawa chuo kikuu kamili. Mwaka huo huo mfumo wa 8-4-4 ukafanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani, na ghafla nchi nzima ikawa inatafuta walimu wa Kiswahili.

Na pwani je? Penye wenyewe wa lugha hapakuwa na chuo kikuu cha umma hadi 2007, Pwani ilipoanza Kilifi kama tawi la Kenyatta. Hati yake ikaja 2013. Kabla ya hapo kijana wa Timbwani alivuka feri, akapanda basi la usiku, akaenda Nairobi kusomea lugha ya nyanya yake. Mimi ni mmoja wao. Sikatai kwamba nilifunzwa: saikolojia ya mtoto, maazimio ya kazi, namna ya kutahini bila kuonea. Katika mazoezi ya kufundisha msimamizi alitazama andalio langu la somo kabla hajanitazama usoni, na alikuwa na haki. Kujua kitu na kujua kukifundisha ni mambo mawili.

Ila sheria ya TSC ya 2012 inakataza mtu kufundisha shuleni bila kusajiliwa, na usajili wadai vyeti. Kwa usalama wa watoto naiunga mkono. Gharama yake ni kwamba mzee anayejua mizani ya utendi kwa sikio hana mlango wa kuingilia darasani. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyetupa neno runinga, Kiswahili chake na ushairi hakuvipata katika ukumbi wa mihadhara, alilelewa navyo Lamu kwa nyanya yake. Wasomi wa vyuo vikuu wakawa wanabisha kwake. Wao waliandika tasnifu wakapata shahada, naye akatajwa kwenye shukrani.

Ningependa vitivo vya elimu vimpe mtu kama huyo saa mbili kwa wiki mbele ya walimu watarajiwa, kwa malipo, si kwa nauli tu. Sheria haikatazi, maana wanafunzi wa yunivasiti si watoto wa shule. Kutoka Timbwani hadi Kilifi ni feri moja na matatu, na feri kwa mwenda kwa miguu ni bure.