Kujiua: Siri ya Mtu Mmoja au Jambo la Jamii?

Mtu ajiuapo, swali la kwanza la majirani huwa ni hili: alikuwa na nini? Mmoja atataja deni, wa pili maradhi, wa tatu aibu. Labda nawe, msomaji, umekwisha kusikia mazungumzo ya namna hiyo matangani. Wote huitafuta sababu katika maisha ya marehemu peke yake. Hata matabibu wa Ulaya walifanya vivyo hivyo katika karne ya 19. Esquirol, tabibu mashuhuri wa Ufaransa, aliliweka jambo hili pamoja na maradhi ya akili.

Mwaka 1897 Émile Durkheim, aliyekuwa akisomesha huko Bordeaux, alitoa kitabu kilichogeuza swali lenyewe. Alizichukua hesabu zilizotunzwa na serikali za Ulaya, na mpwa wake, Marcel Mauss, akamsaidia kupanga hati za vifo 26,000 hivi. Tazama ajabu iliyomo! Waliojiua mwaka huu hawakujuana na wale wa mwaka jana, wala hawakupatana neno; lakini idadi yao katika nchi moja hukaribia kuwa ile ile mwaka hata mwaka. Lau kila kifo kingekuwa siri ya moyo mmoja tu, ulinganifu huo ungetoka wapi?

Durkheim alijibu kwamba kamba zimfungazo mtu na wenziwe zikilegea, hatari huzidi. Waprotestanti waliwazidi Wakatoliki, na wasiooa waliwazidi wenye watoto. Vita vilipoliunganisha taifa, hesabu ilishuka. Hata neema ya ghafula iliipandisha, kwa kuwa mtu hupotewa na kipimo cha matamanio yake. Hata hivyo aliziamini mno hati za serikali. Penye aibu kubwa, jamaa na makarani huweza kuandika sababu nyingine ya kifo.

Je, aliwashinda matabibu? La. Hesabu yaweza kukuonyesha kwamba wapweke wamo hatarini; haikuonyeshi kwa nini mpweke mmoja amekufa na elfu wenziwe wangali hai. Hapo tabibu hana budi kuitwa, maana huzuni iliyozidi ni maradhi, nayo hutibika. Maurice Halbwachs, aliyezifuata nyayo za Durkheim, aliandika mwaka 1930 jambo ambalo mimi naliona la haki zaidi: deni, maradhi na aibu, yale yale wayatajayo majirani, yote humtenga mtu na wenziwe.

Sheria nayo ilikuwa na jibu lake. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilihesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa, hata aliyeokolewa akaweza kushitakiwa, kana kwamba alijiletea taabu hiyo peke yake. Mwezi wa Januari, 2025, Mahakama Kuu ilikata kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.